Alijipiga Mwenyewe

Dada Ndeshi,

Nimempata.

Najua barua huanza na salamu, na wewe ndiye uliyenifokea siku ile nilipomwandikia kaka yangu bila hata kumuuliza hali. Lakini nikianza na salamu nitapasuka. Nimempata Baba Upendo, mchana kweupe, mbele ya kanisa zima, yuko ndani ya suti na hana pa kutokea. Haya, nimesema. Sasa naweza kukusalimu. Saita, dada yangu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiitamka vibaya salamu yetu sisi Wairaqw, mpaka mama yangu kule Mbulumbulu akakupa kama jina? Mpaka leo ananiuliza, "Kaburi la Saita limepaliliwa?" Limepaliliwa. Nimelipalilia mwenyewe.

Mambo ya hapa Karatu yamebadilika. Barabara ya kwenda geti la Ngorongoro ina lami, lile vumbi jekundu lililokuwa likiingia mpaka ndani ya lenzi sasa limebaki la mitaani tu. Magari ya watalii yanapita kama siafu. Chumba chetu cha giza mwenye nyumba amempangisha mama mmoja anayehifadhi viazi, na harufu ya dawa za picha bado haijatoka, anasema wateja wanalalamika. Na kamera, dada! Kamera za siku hizi hazina filamu. Hakuna mkanda, hakuna negativu, hakuna kusafisha picha. Unapiga, unageuza, unajiona hapo hapo kwenye kioo kidogo mgongoni mwa kamera. Ungeidharau, ungesema ni mchezo wa watoto, halafu ungeninyang'anya na nisingeiona tena.

Shika hilo la kujiona hapo hapo. Ndilo lililommaliza Baba Upendo.

Nikuambie kwanza ninavyokukumbuka, maana siku hizi nakukumbuka ukiwa na hasira tu, na wewe hukuwa hivyo. Nilikuja kwako kupigwa picha ya kipaimara, nimevaa gauni la kuazima linalonibana kwapani, na ulipokuwa unanipanga ukasema, "Usinitazame kama unadaiwa. Nitazame kama mimi ndiye ninayedaiwa." Nikacheka, ukapiga. Kesho yake nikarudi kuuliza kama unahitaji msichana wa kazi. Ukaniambia huhitaji msichana wa kazi, unahitaji mtu wa kushika bati.

Bati lenyewe lilikuwa la kurudisha mwanga wa dirishani. Na picha zenyewe hazikuwa za wateja. Zilikuwa zako. Ulikulia Moshi, mama yako akiuza karanga mlangoni mwa jumba la sinema, na wewe ukajipenyeza ndani mpaka ukazijua zile sinema za zamani, nyeusi na nyeupe, mwanamke kwa mwanamke, kofia kwa kofia. Ukaja Karatu na kichwa kimejaa. Ukitoka kuwapiga watu picha za vitambulisho unafunga mlango, unavaa koti refu la mtumba, unajipaka masizi ya sufuria juu ya mdomo, unakuwa jambazi. Au unavaa kofia inayofunika jicho moja, unashika chaki kati ya vidole maana sisi wote wawili hatukuwa wavuta sigara, na mimi nachoma magunzi mabichi ya mahindi kwenye kikaango ili moshi upatikane. Tulikohoa sisi! Mwalimu wa shule ya msingi alikuuliza hizo chaki unampelekea mtoto gani, ukamwambia ni za bibi mmoja mwenye huzuni.

Halafu unaniambia, "Toka nje, Magda. Ukiwepo nitaigiza kwa ajili yako."

Natoka. Wewe unabaki na ule mpira wako mrefu mwembamba uliounganishwa na kamera, mwishoni una kipira cha kufinya. Unakiweka chini ya kisigino au unakificha kiganjani, unafinya, kamera inalia. Mimi niko mlangoni nahesabu vilio vya kamera, nasikia unajigombeza mwenyewe ndani, "Kidevu, mama, kidevu!" Zinapita siku, tunasafisha filamu, picha inatokea polepole ndani ya maji chini ya taa nyekundu, kwanza kofia, kisha jicho, na wewe huyo, mwanamke ambaye mimi sijawahi kumwona. Nilikuwa naogopa kidogo. Sikuwahi kukwambia.

Siku moja nilikuuliza kwa nini usimwite mtu akupige, kazi iwe rahisi. Ulikuwa unaosha sinia. Ukasema, "Nimepigwa na wengi, Magda. Nimepigwa shuleni, nimepigwa kipaimara, nimepigwa harusi, na mume wangu kanipiga bila kamera. Sasa najipiga mwenyewe, na najipiga ninavyotaka." Ukaendelea kuosha sinia. Mimi nikatoka nje kama vile umeniambia nitoke.

Neno hilo lilikuletea balaa, unakumbuka? Yule mama wa maandazi jirani yetu alikutana na mama yako kwenye msiba Machame, akamwambia kwa uchungu kabisa, "Mwenzangu, binti yako siku hizi anajipiga. Anajifungia ndani, anajipiga." Mama yako akapanda basi na wamama wawili wa maombi. Wakafika, wakasukuma mlango, wakakukuta umevaa suruali na koti la kiume, una masharubu ya masizi, umejilaza chini kama mtu aliyepigwa risasi. Weee! Walikuombea mpaka jua likazama. Ulijaribu kuwaeleza kuhusu kipira, mmoja akakishika akakiombea nacho. Baada ya hapo ukasema Kiswahili kina deni na wewe, kimekosa neno la kazi yako.

Na ile siku ya Ngorongoro. Tulidandia lori la kupeleka viazi hotelini, tukashuka ukingoni mwa kreta asubuhi, ukungu umefunika bonde lote, huoni hata mkono wako. Ukafurahi kama umepewa shamba. "Ukungu wa bure, Magda! Wenzetu wa sinema walikuwa wanautengeneza kwa mashine." Ukasimama na sanduku tupu, kola ya koti juu, mwanamke anayeachwa. Mimi umenigeuza nikupe mgongo, kipira kiko kiganjani mwako. Morani wawili wakatokea na ng'ombe, wakakutazama sana, mmoja akaniuliza kama bibi kafukuzwa kwake. Kabla sijajibu mwenzake ameshakupa kibuyu cha maziwa. Ukayanywa bila kuacha kuigiza. Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote, una maziwa kidogo kwenye mdomo wa juu.

Picha ile ndiyo niliyoikuta ukutani.

Ngoja, nifuate mpangilio. Ulikufa kwa homa, haraka, hata sikupata nafasi ya kukuletea uji wa pili. Baada ya kumaliza matanga ndugu zako wakakaa kugawana vitu. Baba Upendo, mtoto wa baba yako mdogo, yeye mwenye studio yake pale karibu na stendi, aliyekuwa akikuita "mchezaji" kwa dharau, akanyoosha mkono akachukua kamera, mpira wa kufinyia, na boksi la viatu lenye negativu zako zote. Nikasema lile boksi naliomba. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema rafiki yake. Akasema, "Rafiki hana fungu." Wazee wakaitikia, ndiyo, ndivyo ilivyo. Nikaondoka na kikaango.

Miaka ikapita. Nikafungua kijistudio changu kwa kamera ya mkononi. Siku moja nikaitwa kupiga picha za semina kwenye hoteli moja kubwa kule ukingoni. Napita kwenye ukumbi wa kwenda kulia chakula, nakukuta. Mkubwa kuliko mlango, dada. Umesimama na sanduku kwenye ukungu. Pembeni yako wewe tena, jambazi. Mbele yake wewe, na chaki. Chini ya kila picha kibao cha shaba kimeandikwa "Mwanamke wa Karatu", kisha "Picha na", na majina ya Baba Upendo, yote matatu, la kwake, la baba yake na la ukoo. Jina lako hakuna. Nilishika ukuta. Mhudumu mmoja akanijia akidhani nimeishiwa sukari, akaniambia, "Huyo mama watalii wanampenda sana. Kuna mzee wa Karatu alimpiga."

Alimpiga! Haki ya Mungu nilitamani kung'ata mtu.

Nilimfuata dukani kwake. Hakukana hata kidogo kwamba ni wewe. Alicheka. Mbele ya wateja wake akasema, "Mtu anajipigaje mwenyewe? Uso uko mbele ya kamera, kidole kiko nyuma? Mna miujiza nyie Wambulu." Unajua ndivyo anavyotuita Wairaqw akitaka kutudharau. Watu wakacheka naye. Na ubaya ni kwamba walimwamini kwa moyo safi. Nilipowaeleza watu wazima wenye akili zao, wakanitazama kwa huruma: kweli, Magda, mtu anajipigaje? Picha lazima iwe na mpiga. Ningewaonyesha kwa filamu? Ningebonyeza, kamera ingelia, halafu tungoje filamu iende Arusha irudi, na ikirudi atasema nilimficha mtu nyuma ya pazia. Hakuna mtu anayengoja wiki nzima ili akuamini.

Nikanyamaza. Lakini nilinyamaza kama jiwe la moto, linaonekana jiwe tu mpaka ulikanyage. Siku za mwizi ni arobaini, nikajiambia, nami nina nafasi.

Nikauza ng'ombe wangu wa urithi, nikanunua hii kamera mpya kutoka kwa mtembeza watalii mmoja. Nikajifunza kwa kujipiga, hakuna kingine. Nikifunga duka nakaa mbele yake, naweka ile saa yake ya kujihesabia na kujibonyeza yenyewe, kijitaa kinawaka, kinawaka, kacha. Nikajaribu kuwa wewe ukiwa yule mwanamke wa kofia. Nikafuta. Nikajaribu tena. Kwa filamu ulikuwa unaogopa kupoteza, unapiga moja kwa heshima. Mimi napiga, naona, nachukia, nafuta, uso wangu wote umekwenda hewani mara mia. Siku moja nikaigiza yule mtu wa sinema uliyenisimulia, anayekaa ameupa mgongo mlango, akimngoja adui wake miaka yote, hata kahawa imepoa. Nikaigeuza kamera, nikaona kwenye kioo uso wa mtu mwenye njaa. Hiyo sikuifuta. Nikaitazama na kusema, haya, huyu ataweza.

Mungu si Athumani. Upendo akapata mchumba. Unamkumbuka Upendo, yule mpwa wako aliyekuwa anakuja kutuomba mabaki ya filamu ajitengenezee miwani ya kuchezea? Amekuwa mwalimu, yuko Moshi, mtoto mzuri sijui aliutoa wapi ule moyo. Na baba yake akaja kwangu mwenyewe, kofia mkononi, maana baba wa bibi harusi hawezi kujipigia harusi, na Karatu nzima kamera ya namna hii ninayo mimi. Nikamwambia hakuna shida, mzee. Nilikubali haraka mpaka akashangaa.

Dada, kumwacha baba mtu nje ya picha za harusi ya binti yake ni kazi kuliko kubeba zege. Na alivyo mrefu, na suti yenyewe rangi ya maziwa! Nilihangaika siku nzima. Akisimama kulia, mimi nasogea mpaka mwavuli unamfunika. Wakati wa keki nilipiga magoti ili keki ikae mbele ya uso wake. Kwenye ndafu, yule mbuzi na majani yake mdomoni anaonekana vizuri sana, na mkono wa Baba Upendo wenye saa upo umeshika kisu, mkono tu. Kwenye picha ya ukoo mzima yuko nyuma ya kilemba cha mke wa mchungaji, limebaki sikio. Nilikuwa natokwa jasho, na ndani nacheka. Nilikuwa nasikia sauti yako, "Kidevu, mama, kidevu," nami nakata kidevu.

Kosa nililofanya ni moja. Wakati wa kumkabidhi binti alilia. Alimshika Upendo kichwa kwa mikono yote miwili, akakunja uso kama mtoto, akalia. Kidole changu hakikuniuliza. Kacha. Nikaitazama usiku wake nikaona ni picha nzuri, dada, ni picha ambayo ungeisifu, na nikachukia kwamba ni nzuri.

Albamu ikaenda. Haikukaa huko sana. Baba Upendo akaja dukani peke yake, ameibana kwapani, akaiweka mezani akaifungua ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Magda, mimi niko wapi?"

Dada Ndeshi, nilikuwa nimengoja miaka. Nikafuta mikono kwa kitambaa, nikamtazama kama yeye ndiye anayedaiwa, nikamwambia, "Si ungejipiga mwenyewe, mzee."

Akakaa kwenye stuli. Alielewa, nakwambia, uso ulimshuka kama shuka kwenye kamba. Hakubisha, hakuniita Mmbulu. Akauliza kama nina hata moja. Nikageuza kamera nikamwonyesha ile analia na binti yake, nikaiacha mbele ya macho yake kidogo, nikaizima. Nikamwambia: Jumapili una shukrani ya harusi kanisani. Utasimama mbele, na ukishamaliza kumshukuru Mungu utasema zile picha zilizoko hotelini nani alizipiga. Bila hivyo hii naifuta, na hizi haziungui kama filamu, hizi zikifutika hakuna hata majivu. Akasema, "Huna Mungu wewe." Nikamwambia ninaye, ndiye aliyemleta mkwe wako.

Jumapili ikafika. Mchungaji akamwita mbele, familia ikasimama naye, Upendo na mumewe wamekuja kutoka Moshi. Akashukuru. Akakohoa. Akanitafuta kwa macho, mimi niko benchi la pili nimeweka kamera mapajani. Akasema, haraka haraka, akitazama sakafu, "Na pia ndugu zangu nisahihishe jambo moja. Habari ya dada yangu marehemu Ndeshi. Mimi sikumpiga. Alijipiga mwenyewe."

Halafu nyuma huko bibi mmoja akapiga yowe, "Yesu wangu! Alijipiga? Si tulizika tukaambiwa ni homa?"

Ala! Ikawa kelele. "Alijipiga na nini?" "Bastola aliitoa wapi?" "Ndiyo maana jeneza halikufunguliwa sana!" Mwingine akakumbuka, eti hata zamani alikuwa na tabia hiyo, mama yake aliwahi kuja kumwombea. Kwaya imesimama mdomo wazi. Na Baba Upendo pale mbele, dada, nilimwona. Aliona mlango umefunguka. Aliinamisha kichwa kwa huzuni ya uongo, akataka kurudi kukaa, akiacha wewe uwe mtu uliyejiua ili yeye abaki mpiga picha!

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka tu nimesimama ngazi ya madhabahu, sijavua hata kanga ya begani, napiga kelele kuliko mchungaji. Nikasema Ndeshi alikufa kwa homa, mimi nilikuwa nimemshika mguu. Nikasema kujipiga ni kujipiga picha, hizi mnazosikia ziko hotelini, zote, yeye mwenyewe, peke yake ndani ya chumba, na huyu mzee alizichukua kwenye boksi la viatu akaweka jina lake. Kukawa na minong'ono. Na lile swali likaja, nililijua litakuja, akaliuliza mzee wa kanisa kwa upole kabisa: "Lakini binti yangu, mtu anajipigaje mwenyewe?"

Nikasema, "Tokeni nje, niwaonyeshe."

Mchungaji akatazama saa, akasema tufunge kwa baraka kwanza. Tukabarikiwa. Tukatoka wote, wazee, kwaya, watoto, mpaka wale wa maandazi getini. Nikaweka kamera juu ya stuli ya kinanda, pale kwenye nyasi. Nikawapanga. Baba Upendo, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya kamera. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee, huko nyuma hakuna mtu. Njoo mbele, upigwe." Upendo akamshika mkono akamleta. Nikabonyeza saa, nikakimbia na viatu vyangu vya Jumapili, nikajitia katikati. Kijitaa kikaanza kuwaka. Wote wanakikodolea macho, na nyuma ya kamera kuna nyasi tu na mbuzi wa mchungaji. Kacha!

Nani kapiga? Walikimbilia kamera wote kwa pamoja, nusura waivunje. Nikaigeuza. Wamo. Mimi nimo. Wanajiona hapo hapo, hakuna kwenda Arusha, hakuna pazia. Yule bibi wa yowe akajitafuta akajipata, akashika shavu, "Kumbe mtu anajipiga!" Halafu akageuka. Wakageuka wote, polepole, hakuna aliyewaambia, wakamtazama Baba Upendo. Hawakumtukana. Walimtazama tu, na yeye alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Utamu wake, dada, siwezi kukuficha, ulinifika mpaka kwenye visigino.

Vibao vya shaba vimetolewa. Alipanda mwenyewe hotelini akavifungua kwa bisibisi, mimi nimesimama pembeni nasimamia. Vipya vina jina lako na maneno "Alijipiga mwenyewe". Meneja alitaka yawe kwa lugha ya wageni, nikakataa, nikasema waache wageni waulize. Boksi lako la viatu liko kwangu, juu ya kabati. Ile picha ya kulia nimempelekea Upendo kule Moshi, yeye hakuniibia kitu. Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Baba yake nimempa nakala ya ile ya kanisani, yuko pembeni anatazama chini, wenzake wote wanacheka. Anaiweka wapi sijui na sitauliza.

Mchungaji sasa ananiambia nimsamehe, maana ameshasema kweli. Nimemwambia nitamsamehe, anipe muda. Wewe peke yako nakwambia ukweli: sitaki. Na siyo kwa ajili yake. Hii hasira ndiyo iliyonifundisha kamera, ndiyo iliyokuwa inaniamsha, na kila nilipokuwa nayo ulikuwa karibu, nakusikia ukipumua. Jumapili ile nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikaitafuta, nikakuta imepungua. Nikashikwa na hofu kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta hamna. Ndipo nikalia. Nililia mpaka jirani akaja kugonga. Kumbe tangu tukuzike sikuwahi kukulilia, dada yangu. Nilikuwa nagombana tu.

Basi leo ndiyo nakuaga, maana ile siku ya mazishi sikukuaga, nilikuwa nawaangalia hao waliokuja kugawana. Kwaheri, Saita. Lala usingizi. Nakuahidi kitu kimoja: sasa nitakulilia sawasawa, kama ulivyostahili, bila kumfikiria mtu mwingine. Nikimaliza ndipo nitaangalia habari ya kumsamehe yule mzee. Kwanza wewe. Yeye angoje.

Mdogo wako,
Magda